Umechoka na honi za Kolkata? Panda treni ya rupia 10, shuka Chandannagar, ukae mtoni (uzi mrefu kidogo)

Msafiri Daraja la Tatu

Wakuu salama? Wengi mkisikia India mnawaza Taj Mahal, hospitali za Chennai na vitenge vya jumla. Sasa mimi niko Kolkata kwa masomo na leo nataka niongelee kitu kidogo tu, pale wikiendi imefika, mji umeshakuchosha, honi zimejaa kichwani na mfukoni huna hela ya kupanda ndege kwenda Goa kama matajiri. Dawa yake ni Chandannagar.

Ni mji mdogo kwenye ukingo wa mto Hooghly, ambao ni tawi la Ganga linaloteremka kwenda Ghuba ya Bengal, uko kama kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kolkata. Mitandaoni utaona wanauita kipande cha Ufaransa, Paris ndogo, sijui nini, na hapo ndo watu wanapotea maboya. Nasema mapema, ukienda kutafuta Ufaransa utarudi na hasira. Nenda kwa ajili ya mto, vitamu na miji mingine ya jirani iliyojipanga kwenye ukingo huohuo.

Usafiri ni treni za mjini kutoka stesheni ya Howrah, njia ya Bandel au Bardhaman, zipo nyingi tu kutwa nzima, mwendo wa kama saa moja na tiketi ni rupia 10, yaani kama shilingi 300 za bongo. Kama unatokea upande wa pili wa mto siku hizi kuna metro iliyofunguliwa 2024 inapita chini ya mto wenyewe inakutoa Esplanade mpaka Howrah, foleni ya darajani unaisikia kwa wenzako tu. Asubuhi watu wote wanaingia Kolkata kazini na wewe ndo unatoka, jioni wanarudi makwao na wewe ndo unaingia mjini, kwa hiyo kwenye treni unaweza kupata siti kama mheshimiwa. Ukifanya kinyume chake utasimama mguu mmoja na kwapa la mtu usoni.

Ndani ya behewa hulali njaa. Anapita wa machungwa, anapita wa kalamu na pini, anapita wa jhalmuri ambayo ni bisi za mchele zinachanganywa na kitunguu, pilipili mbichi, karanga na mafuta ya haradali kwenye kopo, analigonga gonga halafu anakumiminia kwenye koni ya gazeti. Yale mafuta yanapanda puani kama umenusa dawa ya kuchua, wa mara ya kwanza lazima atoe machozi.

Ukishuka Chandannagar nje ya stesheni kuna bajaji za umeme, wanaziita toto, mnapakiwa pamoja mpaka Strand. Strand ndo mji wenyewe kwa mgeni. Ni njia ya miguu kama kilomita moja kando ya mto, miti mikubwa juu, mabenchi, wazee wanabishana siasa (Wabengali kwa siasa na mpira hawajambo), wanafunzi wapenzi wanajifanya wanasoma, na katikati kuna kibanda cha nguzo kwenye ngazi za kuteremkia majini, kilijengwa kumkumbuka mfanyabiashara wa hapo Durgacharan Rakshit ambaye Wafaransa walimpa nishani yao ya Légion d'honneur. Unakaa pale. Ndo shughuli yenyewe hiyo, msitegemee nyingine.

Chai inakuja kwenye kikombe kidogo cha udongo usiopakwa rangi, hakina mkono, moto unakuunguza vidole kwa hiyo unakishika pembeni kwa ncha za vidole viwili, na chai yenyewe inakuwa na kaharufu ka udongo uliolowa mvua. Ukimaliza unakitupa kwenye pipa kinavunjika, hakioshwi hakirudiwi. Mimi nikinywa ya kwenye kikombe cha plastiki siku hizi naona kama nimeibiwa.

Hapohapo kuna kanisa la Moyo Mtakatifu la 1884, mnara wa saa wa 1880, na nyumba aliyokuwa akikaa gavana ambayo sasa ni makumbusho na watu wanasoma Kifaransa humo. Kuna na ile inaitwa Patal Bari, ghorofa yake ya chini iko chini ya usawa wa mto, Rabindranath Tagore alikuwa akifikia humo. Kwa mguu unamaliza vyote kabla ya chakula cha mchana bila haraka.

Maswali karibuni, mtoni napajua vizuri.

Kandambili

Mkuu Msafiri uzi bila picha ni uzushi, hilo la kwanza. La pili, kama Wafaransa walikaa huko miaka yote hiyo mbona unasema hakuna Ufaransa? Walijenga nini sasa?

Msafiri Daraja la Tatu

Picha usiku nikipata bando mkuu.

Swali lako la msingi. Wafaransa walipata ruhusa ya kufanya biashara hapo 1673 kwa mtawala wa Bengal, wakaja kunoga kweli enzi za Dupleix aliyeongoza mji 1731 mpaka 1741, meli zinapanda mtoni zinapakia hariri, pamba, mchele na afyuni. Walikuwa na ngome yao kubwa inaitwa Fort d'Orléans. Machi 1757 Waingereza wakaja na Clive, kamanda wao, kwa nchi kavu na Admirali Watson na meli zake za vita kwa mtoni, wakaipiga mizinga mpaka ikasalimu amri, halafu wakaibomoa. Miezi mitatu baadaye ndo vita ya Plassey na Bengal yote ikawa ya Mwingereza. Baadaye Mfaransa akarudishiwa mji wake lakini bila ngome, akabaki na kitongoji katikati ya nchi ya Mwingereza. Majengo unayoyaona leo mengi ni ya karne ya 19, mengine yameanguka kabisa mizizi ya mipipal imeyashika kuta, na mengine wanaishi watu wameanika nguo kwenye baraza za nguzo. Kwa hiyo Paris hamna.

Bi Shamsa wa Makadara

Nimesoma kwa raha. Wanangu wananiuliza Bengal ni wapi nikawaambia huko ndo tiger. Naomba uliza, Waislamu wapo huko na chakula halali kinapatikana? Mie nasafiri na mume wangu kwa matibabu mwakani, tutapita Kolkata kwa jamaa yake.

Msafiri Daraja la Tatu

Shikamoo bi mkubwa. Waislamu wapo wengi tu West Bengal, jimbo lenyewe hili, halali haina shida, Kolkata ndo usiseme. Biriani yao inawekwa kiazi kizima kama ya kwenu pwani, wanasema ilianza na wapishi wa Nawab Wajid Ali Shah, yule mtawala wa Awadh, kaskazini mwa India, aliyenyang'anywa nchi na Waingereza 1856 akahamia Metiabruz, mtaa wa Kolkata.

Na kwako nitaongeza kitu. Usiishie Chandannagar. Panda treni tena vituo viwili mbele, Chuchura halafu Hooghly, shuka hapo Hooghly uchukue toto mpaka Imambara, ukumbi wa ibada wa Mashia. Hii kwangu mimi ndo jengo zuri kuliko yote kwenye ukingo ule, lilianza kujengwa 1841 likaisha 1861, lina minara miwili na katikati yake saa kubwa iliyotoka London ambayo mpaka leo inajazwa funguo kwa mkono kila wiki. Mnara mmoja wanapanda wanaume, mwingine wanawake. Ndani ua mkubwa wenye birika, vigae vyeusi na vyeupe, mataa ya kioo yananing'inia, kuta zimeandikwa aya, na ukitokea nyuma unakuta saa ya jua na mto uko miguuni mwako. Mgeni yeyote anaingia, kuna kiingilio kidogo.

Limejengwa kwa wakfu wa Haji Muhammad Mohsin. Mtu alizaliwa 1732, akazunguka Iran na Uarabuni huko miaka, hakuoa, akaja kurithi mali ya dada yake, na 1806 mali yote akaiweka wakfu. Alikufa 1812. Mpaka chuo cha serikali cha Hooghly kilichofunguliwa 1836 kilitokana na hela yake, na wanafunzi wa dini zote walisoma humo.

Bi Shamsa wa Makadara

Wa alaikum marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Hiyo ya wakfu imenigusa, huku kwetu wakfu zinaliwa tunaziona.

Mtoto wa Kisauni

Bi Shamsa umesema ukweli mchungu lol.

Msafiri, mimi nimewahi kufika hiyo line nikiwa kozi India. Umeruka Bandel, kituo kimoja tu baada ya Hooghly. Kuna kanisa la Wareno la 1599, sisi Mombasa Wareno walianza Fort Jesus 1593, yaani hawa jamaa muongo huohuo mmoja walikuwa wanapiga kambi huku na kule, bahari moja. Huko Bengal walifukuzwa na jeshi la Shah Jahan 1632, huyuhuyu wa Taj Mahal, kanisa likachomwa likajengwa tena 1660. Pale nje kulikuwa na mlingoti wa meli, nahodha aliponea dhoruba akauacha kama shukrani. Na kuna jibini yao ndogo ya Bandel, kavu ina chumvi kali, imefundishwa na Wareno wakaondoka jibini ikabaki.

Ukiunganisha na Serampore ya Wadenishi na Chinsurah ya Waholanzi (ndo hiyo Chuchura) unapata Ulaya nzima kwenye kipande cha mto cha jioni moja.

Msafiri Daraja la Tatu

Mkuu umenipunguzia kazi. Serampore nilikuwa naiacha makusudi kwa sababu inastahili siku yake. Wadenishi walikaa 1755 mpaka 1845 halafu wakawauzia Waingereza, kanisa la St Olav la 1806 limekarabatiwa vizuri sana na tavern yao ya 1786 iliyokuwa gofu imesimamishwa upya unaweza kunywa kahawa humo unaangalia mto. Kwa mtu anayetaka majengo safi ya kupigia picha aende Serampore. Kwa mtu anayetaka kukaa, Chandannagar. Hapo nimemaliza ubishi.

Lecturer wa Vijiweni

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mnasifia Wafaransa na Wadenishi, hawa ni wakoloni. Mnaenda kutalii maumivu ya watu.

Msafiri Daraja la Tatu

Mkuu nimesifia chai, vitamu na wakfu, rudia kusoma. Ila umenipa nafasi ya kusema la maana zaidi la huo mji. Kwa sababu polisi wa Mwingereza hawakuwa na mamlaka ndani ya eneo la Mfaransa, wapigania uhuru wa Bengal walikuwa wanavuka tu mpaka wanajificha Chandannagar. Aurobindo Ghose alijificha hapo mwanzoni mwa 1910 kabla ya kukimbilia Pondicherry, koloni lingine la Mfaransa. Kanailal Dutta ni mtoto wa hapo, Mwingereza alimnyonga 1908. Rash Behari Bose amekulia hapo. Yaani mkoloni mmoja anakuwa kichaka cha kumkwepa mkoloni mwenzie.

Na kuna geti limejengwa 1937 kukumbuka kuanguka kwa Bastille, lile gereza la Paris, limeandikwa ile kauli yao ya uhuru, usawa na udugu. Kwenye koloni! Sijui nani alikaa akaona hiyo ni sawa. Uhuru wenyewe wa India ukaja 1947, Mfaransa bado yupo kakaa, mpaka wananchi walipopiga kura Juni 1949, wakamkataa kwa wingi mkubwa, Mei 1950 akakabidhi mji.

Lecturer wa Vijiweni

Hapo sawa. Nondo zimekubalika.

Kandambili

Kuna mahali niliwahi kusoma Waafrika walitawala Bengal, watu wetu Waswahili. Kweli au kijiwe?

Mtoto wa Kisauni

Nusu kweli. Kulikuwa na masultani wa Kihabeshi waliotawala Bengal 1487 mpaka 1493, walianza kama askari watumwa wa ikulu wakapindua. Ila Habeshi maana yake watu wa upande wa Ethiopia na pembe ile, tusijibandike. Makao yao yalikuwa Gaur, mbali na hapo Hooghly, bado kuna mnara unaitwa Firoz Minar.

La kwetu kabisa ni twiga. Mwaka 1414 sultani wa Bengal alimpelekea mfalme wa China twiga kama zawadi, Wachina wakachanganyikiwa wakamchora na kumtungia mashairi. Bengal haina twiga, wanahistoria wengi wanaona alitoka pwani yetu, Malindi, na mwaka uliofuata Malindi wenyewe wakapeleka wao moja kwa moja.

Kandambili

Yaani twiga kapanda jahazi mpaka Bengal halafu China?? Mimi Dar mpaka Zanzibar natapika.

tanga_line

Naona mko historia sana, mimi nauliza vya mjini. Gharama, gesti, usalama, na je ukiwa mweusi wanakusumbua? Na ni kweli upande wa pili wa mto kuna viwanda vya juti? Baba yangu alifanya mkonge nimekulia kwenye harufu ile.

Msafiri Daraja la Tatu

Viwanda vipo mkuu, ukikaa Strand mabomba ya moshi unayaona ng'ambo, Jagaddal na Bhatpara huko, na upande wa Chandannagar wenyewe kuna Gondalpara. Vingi vinayumba, kufunga na kufungua, wafanyakazi wanakaa miezi bila mshahara, historia unaijua mwenyewe wewe mtu wa Tanga. Chukua kivuko, nauli ni chenji tu, mtumbwi wa injini wa mbao mnasimama na baiskeli na pikipiki za watu, unavuka unakunywa chai unarudi. Dakika zile za katikati ya mto ndo bora kuliko safari ya kitalii ya boti. Mto una kupwa na kujaa hata huko juu, kwa hiyo ngazi za gati asubuhi unaweza kuzikuta nyingi na jioni zimemezwa.

Kuogelea sahau. Wenyeji wanaoga kwa imani yao, wewe mkondo una nguvu na maji ni tope.

Gesti hapa sikiliza vizuri. India siyo kila gesti inaruhusiwa kupokea mgeni wa nje, mwenye hoteli lazima akuandikishe serikalini kwa fomu wanayoiita Form C, sasa gesti nyingi ndogo hazitaki usumbufu, unafika saa mbili usiku unaambiwa nafasi hakuna na funguo unaziona zimening'inia. Piga simu kabla, uliza kwa maneno yaleyale, mnapokea wageni wa nje? Beba paspoti halisi na fotokopi ya viza. Mimi naona kwa Chandannagar kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunatosha kabisa, labda ukitaka kuona alfajiri.

Kuhusu rangi, watakuangalia. Watoto watakuomba selfii, mzee atakuuliza nchi, ukisema Tanzania atakuuliza kama unacheza mpira. Mji mdogo wana upole kuliko miji mikubwa. Siwezi kusema hakuna ubaguzi India, upo, kwenye kupanga chumba ndo utaujua, ila benchi la mtoni hakuna aliyenisumbua. Wadada kwenye treni kuna mabehewa ya wanawake peke yao, tumieni.

Dada Neema

Asante kwa hilo la mabehewa. Vitamu ulivyovitaja mwanzo mbona umevikimbia? Nimesubiri mpaka chini.

Msafiri Daraja la Tatu

Haha dada Neema nilikuwa naviweka kiporo.

Kitamu chao kinaitwa jolbhora sandesh na mji wake ndo huu, wa ukoo wa Modak wanatajwa ndo walioanza. Maziwa yanakatwa kwa kitu kichachu, yanakamuliwa maji, yanasagwa na sukari jikoni mpaka yanakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, halafu yanakandamizwa kwenye kibao cha mbao kilichochongwa umbo la kokwa la tunda la mvumo. Katikati wanaacha shimo wanamimina maji ya waridi, wanafunika. Kwa nje kinaonekana kigumu kikavu. Ukiking'ata kama andazi kinakurukia shati lote. Na ndo lengo lenyewe, hadithi inasema familia ya tajiri ilimuagizia mpishi atengeneze kitu cha kumtania mkwe wao siku ya sikukuu ya wakwe wa kiume, mkwe akang'ata kanzu ikalowa, ukweni wakacheka mpaka basi. Kwa hiyo unang'ata kidogo pembeni, unanyonya, halafu unamalizia.

Wakati wa baridi, Disemba na Januari, badala ya waridi wanatia asali nyeusi ya sukari guru ya mtende mwitu. Wagema wanapanda jioni wanatega vyungu, alfajiri wanateremsha kabla jua halijachachusha, wanachemsha hapohapo. Harufu yake ni moshi na karameli. Huu msimu ukikukuta uko Kolkata hujaenda, mimi na wewe urafiki basi.

Dada Neema

Nimemeza mate mbele ya bosi. Kwa hiyo mwezi mzuri ni Disemba?

Msafiri Daraja la Tatu

Novemba mpaka Februari, ndiyo. Aprili na Mei joto linafika 40 na unyevu juu, Juni mpaka Septemba mvua za masika yao, mto unapendeza lakini mitaa inajaa maji. Ila kama unapenda shamrashamra nenda kwenye Jagaddhatri Puja, inakuja kama mwezi mmoja baada ya Durga Puja, ile sikukuu kubwa ya Wabengali, Oktoba au Novemba kutegemea mwandamo. Chandannagar ndo wenyewe kwa hiyo sikukuu, na mafundi wao wa taa wanajulikana India nzima, wanatengeneza picha za mataa yanayotembea, tausi anafungua mkia, treni inakimbia, ghorofa mbili kwenda juu. Watu wanakuwa mafuriko siku hizo, benchi la Strand utaliona kwa mbali. Chagua moja, utulivu au taa.

Mtoto wa Kisauni

Niongezee ya kiafya, mtu akitokea Kenya au Uganda, hata kama amepitia tu, India wanadai kadi ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa siku 10 kabla ya kufika. Bila hiyo wanakuweka karantini. Nimeona mtu kwa macho yangu anavutwa pembeni airport na familia inaendelea mbele.

Msafiri Daraja la Tatu

Kweli kabisa, na viza ya mtandaoni tunapata, wabongo na Wakenya wote, mnaombea nyumbani. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu kuja Kolkata hamna, watu wanapitia Dubai au Doha.

tanga_line

Samaki? Mto wote huo hamjasema samaki.

Msafiri Daraja la Tatu

Ilish mkuu, wakati wa mvua anapanda kutoka baharini. Wanampika na haradali ya kusaga na pilipili mbichi, mafuta yake yanaelea kwenye mchuzi unapaka wali. Shida ni miiba, midogo kama nywele, inajaa kila mahali, Mbengali anakula anaongea na simu miiba inatokea pembeni ya mdomo yenyewe, wewe kula kwa mkono, kimya, taa ikiwa imewaka.

Dada Neema

Swali la mwisho. Hiyo jolbhora naweza kubeba mpaka Dar nikamletea mama?

Msafiri Daraja la Tatu

Hapana dada, ni maziwa yale, siku mbili joto la kwetu imeshachacha. Chukua patali, ile sukari guru iliyogandishwa kuwa mabonge, mfungie na gazeti halafu nailoni mbili kwa sababu inatoa unyevu na harufu inahamia kwenye nguo zote za begi. Nunua Januari, na mwambie muuzaji akuvunjie kipande uonje kwanza, wengine wanachanganya sukari nyeupe.

Kandambili

Picha?

Msafiri Daraja la Tatu

Bando bado mkuu.